Somo: Aina za maandiko ya biashara, na lipi linapelekwa wapi

Assalaam alaykum jamaa.

Vikundi vingi vina andiko (proposo) moja tu, yaani karatasi za kuomba oda, kazi au fedha. Limejaa historia ya kikundi, dira, dhamira na picha za wanachama, na hilo hilo linapelekwa hotelini, benki, wizarani na kwa mfadhili. Majibu hayaji. Kila anayelipokea ana uamuzi wake wa kufanya, na akikosa humo anachohitaji ili aamue, analiweka kando hata kama bidhaa ni nzuri. Tutatumia mfano mmoja: kikundi cha Paje, Unguja, kinachotengeneza sabuni za mwani, vipande 200 vya gramu 100 kila mwezi. Bei zote hapa ni za mfano.

Hatua ya 1: Uliza kama limeombwa.
Andiko lililoombwa hujibu maswali ya mwombaji, kwa mpangilio alioutaka yeye. Lisiloombwa lina kazi ya ziada: kumfanya msomaji aone kwanza kwamba ana haja. Ukichanganya haya mawili, mwenye haraka ya bei utamchosha kwa maelezo, na asiyekujua utampelekea bei kavu.

Hatua ya 2: Kotesheni, yaani karatasi ya bei.
Mtu wa manunuzi wa hoteli akitaka bei, mpe ukurasa mmoja: jina la biashara na namba ya usajili, TIN (namba ya mlipakodi), tarehe, maelezo ya bidhaa pamoja na uzito na ufungashaji, bei ya kipande, jumla, kama kodi ya ongezeko la thamani (VAT) imo au haimo, pahala pa kukabidhi, siku za malipo, na siku ambazo bei itadumu. Hiki cha mwisho ndicho kinachosahaulika zaidi. Kotesheni isiyo na ukomo inaweza kukurudia baada ya miezi sita, mafuta ya nazi yameshapanda, na mnunuzi anadai bei ile ile. Andika siku 30. Na bei ya kuchukuliwa Paje si bei ya kufikishwa Nungwi; usafiri wa kukata kisiwa chote lazima ulipiwe, na usipouandika utalipa wewe.

Kabla ya kutia saini, piga hesabu ya fedha zitakazokuwa nje. Tuseme gharama ya kipande ni shilingi 2,150 na bei ni 3,500. Kwa vipande 200, gharama ni 430,000 na mauzo ni 700,000. Faida ya 270,000 inapendeza. Lakini sabuni isiyopikwa moto hukaa wiki 4 hadi 6 ikikauka kabla ya kuuzwa, na hoteli inalipa baada ya siku 30. Hata ukichukua wiki 4, malipo ya mzigo wa kwanza yanafika karibu siku ya 60, na kufikia hapo umeshagharamia mizigo miwili, yaani 860,000, na wa tatu unakusubiri. Malipo yakichelewa wiki moja tu, unahitaji 1,290,000 mkononi. Kikundi kinaweza kufa kwa oda nzuri kwa sababu hii. Omba malipo ya awali ya asilimia 50, au anza na vipande 100.

Hatua ya 3: Zabuni.
Hapa uzuri wa lugha haukusaidii. Kamati hukagua vigezo kwanza. Kiambatisho kimoja kikikosekana unaweza kutolewa kabla bei yako haijatazamwa. Chora jedwali la safu mbili: kushoto kila sharti la zabuni, kulia ukurasa ulipolijibu. Safu ya kulia ikiwa na pengo, hujamaliza. Kwa taasisi za Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar (SMZ), ununuzi wa kielektroniki unapitia mfumo wa e-ProZ. Bara wanatumia NeST, kwa hiyo usidhani akaunti ya huko inakutosha huku. Penye utata, uliza kwa maandishi kabla ya muda wa maswali kufungwa. Kumpigia simu mjumbe wa kamati unayemjua kunaweza kukuondoa kabisa.

Hatua ya 4: Lisiloombwa.
Kurasa mbili, kwa jina la anayeamua. Anza na jambo lake: vichupa vya plastiki vya sabuni vinavyotupwa kila siku, wageni wanaouliza bidhaa za hapa. Kisha omba uamuzi mdogo: majaribio ya vipande 50 katika vyumba 10 kwa wiki 4. Kwa majaribio mara nyingi meneja huamua mwenyewe. Mkataba wa mwaka unapanda kwa wakubwa, na huko ndiko karatasi zinakolala.

Hatua ya 5: La kuomba fedha.
Benki inataka kujua fedha zitarudi vipi, mfadhili anataka kujua kitabadilika nini. Kwa benki ya Kiislamu, jua kwanza unaomba nini. Murabaha: benki inanunua kitu na kukuuzia kwa bei yenye faida inayojulikana, hivyo ambatisha profoma (hati ya bei kabla ya kununua) ya muuzaji, wala usikinunue mwenyewe kwanza, maana benki haitakuwa na cha kukuuzia. Musharaka: nyote mnatia mtaji, faida kwa mgao mliokubaliana, hasara kwa kadiri ya mtaji wa kila mmoja. Mudaraba: mtaji wao, kazi yako, hasara ya fedha ni ya mwenye mtaji, isipokuwa umezembea au umevunja masharti. Kwa mbili hizi za mwisho andiko lisilotaja mgao wa faida halijakamilika.

Hatua ya 6: La kuendeleza mkataba.
Fupi. Orodha ya mizigo uliyopeleka, tarehe, iliyokataliwa na ulivyorekebisha. Lipeleke siku 60 kabla ya mkataba kwisha.

MASWALI

Kutoka Wete: *Mwalimu, meneja kaniambia "niletee proposo" akaondoka. Ndiyo nini?*
Usikisie, ndugu yangu. Mtumie ujumbe: "Unahitaji bei tu, au maelezo ya jinsi tutakavyokuhudumia?" Akijibu bei, rudi hatua ya 2.

Kutoka Jambiani: *Sijasajiliwa VAT. Niiongeze kwenye bei ili nionekane mkubwa?*
La, dada. Asiyesajiliwa haruhusiwi kuitoza. Andika "bei haina VAT, muuzaji hajasajiliwa". Baadhi ya wanunuzi watakuacha, lakini wengi wa kiwango chetu hawajali.

Kutoka Mkoani: *Kikundi chetu cha mwani kinaomba ruzuku. Tufiche faida tusionekane matajiri?*
Msifiche. Mfadhili anaogopa zaidi mradi utakaokufa fedha zake zikisha. Onesheni faida inakwenda wapi: kamba mpya, vigingi, akiba.

Kutoka Chake Chake: *Nikipeleka andiko lisiloombwa, si wataiba wazo?*
Eleza matokeo, usieleze vipimo. Uwiano wa mafuta, kostiki na unga wa mwani hauna kazi kwenye andiko. Jina na nembo zisajili BPRA, wakala wa usajili wa biashara na mali wa Zanzibar. Usajili wa alama uliofanywa BRELA, wakala wa usajili wa Bara, haukulindi Zanzibar, ni sheria mbili tofauti.