Namna ya kuandaa triathloni ya mtaani bila mapro kubeba zawadi za watu wa ridhaa

Assalaam aleikum jamani. Vijana wa Jambiani na Nungwi wananiuliza sana hili, wanataka kuanzisha resi zao za kuogelea, baiskeli na mbio kwa mkupuo mmoja, yani triathloni, na kila mmoja anauliza habari za njia, maji, polisi, wadhamini, hakuna anaeuliza nani anashindana na nani. Mimi nawaambia anzeni hapo.

Naanza na lililotukuta. Resi yetu ya pili, pwani ya mashariki, tuliweka makundi ya umri na tukapata mdhamini wa baiskeli mpya kwa mshindi wa kila kundi. Kulikuwa na mwalimu mmoja wa skuli, kundi la miaka 35 mpaka 39, kafanya mazoezi miezi minane, akishasali alfajiri anaingia baharini, jioni anakimbia, baiskeli ya kuazima. Siku ya resi akaja pro, yani mtu ambae riziki yake ni kushindana, alikuwa mapumzikoni huku kwetu, kaliona bango hotelini akajiandikisha kundi lilelile. Alimaliza mbele ya mwalimu kwa dakika zaidi ya 25, akapewa baiskeli. Mwalimu akapewa fulana, nilimuona anaikunja taratibu anaitia mkobani, na resi ya tatu hakuja.

Yule mgeni hakudanganya kitu, fomu yetu haikumuuliza. Kosa lilikuwa letu sisi waandaaji.

Kwenye mpira sote tunaujua ugonjwa huu, tunajua mamluki wa ndondo, tunajua vijeba wanaochezeshwa na watoto kwenye ligi za Juvenile na Junior. Tofauti yake ni kwamba mamluki anajificha, anakuja na jina la mtu mwengine, lakini kwenye triathloni pro anaweza kuja na jina lake kamili na umri wake wa kweli na bado akaiharibu resi, mana umri wake ni sahihi, kilichokuwa si sahihi ni meza aliyokaa.

Kwahiyo kabla ya kuandika kanuni fahamuni makundi ya umri yapo kwa sababu gani. Ile resi ya mwanzo ya Ironman, triathloni ya masafa marefu, kule Hawaii mwaka 1978 walianza watu 15 tu, wakamaliza 12, hakukuwa na cha pro wala cha umri, Gordon Haller akashinda basi. Mchezo ukakua, watu wa kawaida nao wakawa maelfu, ndo yakawekwa makundi ya miaka mitano mitano, 25 mpaka 29, 30 mpaka 34, hivo hivo mpaka wazee wa 70 na zaidi, na wanawake na wanaume mbali mbali. Lengo ni mtu ashindane na wenzake wa hali moja. Sydney 2000 mchezo ukaingia Olimpiki, na masafa yake huko ni kuogelea kilomita 1.5, baiskeli 40, kukimbia 10. Paris 2024 Alex Yee wa Uingereza kayamaliza kwa saa 1 dakika 43 na sekunde 33. Mtu mwenye kazi na watoto, mazoezi yake ya alfajiri na jioni, akimaliza kwa saa 2 na nusu keshafanya kazi kubwa khasa. Ukiwaweka hawa wawili kundi moja kwa sababu tu wote wana miaka 36 umeutazama umri ukasahau maisha.

Sasa fomu. Kwetu Unguja huwezi kumwambia mtu lete kadi ya pro ukadhani umemaliza, wengi wanaolipwa hawana kadi yoyote na wengine wenye kadi ni wageni wanaopita. Bora muulize maswali ya wazi na mtu atie saini: una leseni ya pro au umeshindana kama pro popote mwaka huu au uliopita? Kuna anaekulipa mshahara au posho ya kila mwezi ili ushindane? Pesa za ushindi ulizopata mwaka jana zinapita kiasi fulani? Kiasi hicho mkipange wenyewe na mkiandike, sisi tuliweka shilingi milioni 2, mana kijana alopata laki moja ya nafasi ya tatu kwenye mbio za mtaani hajawa profesheno kwa laki ile. Ukijibu ndio swali lolote unakwenda mstari wa mapro.

Umri hesabuni ule mtu atakaokuwa nao tarehe 31 Disemba ya mwaka wa resi, mchezo huu duniani unahesabu hivo, na mtu aje na kitambulisho cha Mzanzibari au paspoti siku ya kuchukua namba. Asiyekuja nacho hapewi namba, hata akiwa mtoto wa shangazi yako.

Hapa ndo pagumu na hapa ndo mtakapogombana, kwahiyo nakaa kidogo. Kasi si kosa. Narudia, kasi si kosa. Resi zetu alikuja mvuvi wa Kizimkazi, kwenye maji hakuna wa kumuona, watu wakaanza kunung'unika kuwa bahari ndo kazi yake na yeye pro vilevile. Hapana. Yule analipwa kwa samaki, halipwi kwa kushindana. Mwalimu wa kupiga mbizi wa hotelini, hivo hivo. Mama wa miaka 41 anaewapita vijana wote, mwacheni awapite, ndo uzuri wa mchezo wenyewe. Mkianza kumtoa mtu kwa sababu anashinda sana mtabaki na resi ambayo hakuna anaetaka kufanya mazoezi. Anaetolewa ni yule ambae kushindana ndo kazi inayomlisha.

Na mkimbiaji wa marathoni anaelipwa lakini kuogelea ndo kwanza anajifunza? Wengi wanasema mwacheni, atapoteza muda majini. Mimi nipo upande wa kumpeleka kwa mapro, mana zile kilomita 10 za mwisho ndo zinazoamua kundi, na pale atawameza wote.

Pro mstaafu nae msimfungie mlango maisha. Akikaa mwaka mzima wa kalenda bila kushindana kipro arudi kwenye umri wake. Mzee wa miaka 50 alokuwa bingwa akiwa na 25 mwili wake nao una miaka 50.

Ila msiwafukuze mapro, tafadhalini sana. Watoto wa Paje wakimuona mtu anatoka baharini anaruka baiskelini bila kusimama, hilo ni darasa. Bermuda ni kisiwa, watu wake hawafiki hata elfu 70, na Flora Duffy kaleta dhahabu ya Olimpiki ya triathloni kule Tokyo. Na sisi tuna bahari pande zote. Waalikeni, wawekeeni mstari wao, zawadi yao na karatasi yao ya matokeo, na ukitangaza mshindi wa jumla sema wazi huyu ni wa mapro, huyu ni wa ridhaa. Kama mnataka pesa taslimu iwepo iwekeni kwa mapro peke yake. Makundi ya umri toeni vitu, viatu, helmeti, ngao, nafasi ya bure mwakani, mana pesa nono ndo inayomvuta mamluki kutoka mbali. Ile baiskeli yetu siku hizi tunaitoa kwa bahati nasibu kwa yeyote alomaliza.

Mapro waanze mwanzo, dakika 10 mpaka 15 mbele. Sababu si heshima tu, ni upepo. Kwenye Olimpiki mapro wanaruhusiwa kuendesha wamebanana, anae nyuma anajikinga upepo kwa mgongo wa mwenzake, lakini resi za umri kwa kawaida zinakataza, unatakiwa kuacha mita 10 au 12. Mkiwachanganya utakuta mtu wa kundi la umri kajibandika nyuma ya pro kilomita nzima, anapata muda ambao miguu yake haikuutafuta, na wenzake wote wameibiwa.

Lakini ukigawa mianzo angalia maji. Pwani ya mashariki siku za bamvua, yani bahari inapojaa na kutoka sana, maji yamejaa alfajiri ya saa 10, ikifika saa 3 au 4 asubuhi yamekwenda mbali kabisa, wa mwanzo wataogelea na wa mwisho watatembea juu ya mwani. Chagueni siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, na wote wawe wameingia ndani ya nusu saa.

Mwisho malalamiko. Bandikeni matokeo ya awali palepale ufukweni, toeni dakika 30 mtu yeyote aweze kulalamika kwa maandishi, watu watatu wasioshindana wakae waamue, ndo mugawe zawadi. Na ikigundulika baada ya wiki kuwa mtu alidanganya kwenye fomu, futeni jina, pandisheni wa pili, tangazeni palepale mlipotangaza mwanzo. Halafu yule wa pili msimpigie simu aje mjini kuchukua haki yake. Mpelekeeni kwao, hata kama ni Mkokotoni, mbele ya majirani walomuona akitoka alfajiri kwenda kuogelea.