Mto wa kochi usionywea

Ukishona foronya za mito ya mapambo kwa kitambaa ulichochapisha mchoro wako mwenyewe, kata foronya iwe ndogo kidogo kuliko mto. Kwa mto wa sentimita 45 kwa 45, kata kipande cha mbele 45 kwa 45 hivyohivyo. Mshono ukila sentimita moja kila upande, foronya inabaki 43 na mto unajaa vizuri mpaka kwenye pembe. Foronya iliyolingana kabisa na mto hunywea haraka.

Zipu si lazima. Nyuma weka vipande viwili vya 45 kwa 32, pinda ukingo mmoja wa kila kipande sentimita tatu, kisha vipandishe kimoja juu ya kingine katikati. Vitapishana kama sentimita 13, na mto hautachungulia.

Ila kabla ya mkasi, fua kitambaa na ukipige pasi kwa upande wa ndani. Pamba hurudi, na mchoro uliokaa katikati leo unaweza kupinda baada ya kufuliwa. Pembe zipunguze kwa mkasi kabla ya kugeuza foronya, bila kugusa uzi.