Kupunguza uzito wa picha za folda nzima kwa skripti moja

Picha ikitoka kwenye simu bado haijawa ya tovuti. Ina pikseli 4000 kwa 3000, yaani milioni 12, na faili lake linaweza kufika megabaiti nne. Nafasi inayoisubiri kwenye ukurasa mara nyingi haifiki hata pikseli 1000 kwa upana. Kivinjari kitaibana ionekane ndogo, lakini msomaji atakuwa ameshapakua megabaiti zote nne kwa bando lake.

Kama una picha mbili, zipunguze kwa mkono ulale. Mwongozo huu ni wa mwenye picha 80 na muda mfupi.

Kuna mambo mawili ambayo watu huyachanganya: idadi ya pikseli na ubora. Wengi hukimbilia ubora, wanaushusha mpaka nyuso zinatoka madoadoa, na faili bado zito. Anza na pikseli. Picha ile ya 4000 kwa 3000 ukiishusha hadi 1600 kwa 1200 inabaki na pikseli 1,920,000, chini ya sehemu moja ya sita ya zile za mwanzo, na ubora hujaugusa.

Hatua ya 1: fungua terminali, lile dirisha la kuandikia amri, usakinishe ImageMagick, programu ya kuhariri picha kwa amri. Kwenye Ubuntu au Debian:

```
sudo apt install imagemagick
```

Kwenye Mac yenye Homebrew, programu ya kusakinishia programu nyingine, ni `brew install imagemagick`. Kisha andika `magick -version`. Ukiambiwa amri hiyo haipo, huenda una toleo la 6. Kila nitakapoandika `magick` wewe weka `convert`. Wa Windows, fanyeni kazi hii ndani ya WSL, yaani Linux inayoendeshwa ndani ya Windows. Nje ya hapo, `convert` ni amri ya Windows yenyewe ya kubadilisha mfumo wa faili wa diski, na haina uhusiano wowote na picha.

Hatua ya 2: nakili picha kwenye folda nyingine. Usiiruke. Niliwahi kutumia `mogrify`, ndugu yake `magick`, ndani ya folda yenye picha asili. Mogrify haiulizi, usipoielekeza pengine, inaandika juu ya faili lilelile. Kufumba na kufumbua, picha za safari nzima zikawa na upana wa pikseli 800. Siku nilipotaka kuchapisha moja ya ukutani, sikuwa na la kufanya. Pikseli zikishatupwa hazirudi.

Hatua ya 3: jaribu picha moja.

```
magick picha.jpg -auto-orient -resize '1600x1600>' +profile '!icc,*' -quality 80 jaribio.jpg
```

Hapa ndipo pa kutulia, maana kila kipande kina sababu yake.

`-auto-orient` inaisimamisha picha. Ukipiga kwa simu iliyosimama wima, mara nyingi simu haizungushi pikseli. Inaandika tu ndani ya faili kwamba picha hii igeuzwe wakati wa kuonyeshwa. Ukifuta maelezo hayo kabla ya kuigeuza, picha italala ubavu. Kwa hiyo amri hii itangulie.

`1600x1600>` maana yake upande mrefu usizidi 1600, na alama ya `>` inasema picha iliyo ndogo tayari iachwe ilivyo. Bila alama hiyo, kipicha cha pikseli 400 kitavutwa mpaka 1600, kiwe kizito na chenye ukungu. Nukuu zake usizisahau. Ukizisahau, terminali itadhani unataka kuandika matokeo kwenye faili, itakutengenezea faili linaloitwa `+profile`, halafu `magick` ilalamike kwamba haioni picha inayoitwa `!icc,*`. Faili hilo lifute kwa `rm +profile`.

`+profile '!icc,*'` inafuta maelezo yote yaliyofichwa ndani ya picha isipokuwa wasifu wa rangi, yaani maelezo ya jinsi rangi zake zinavyopaswa kuonyeshwa. Miongoni mwa yanayofutwa ni mahali ulipopigia picha, kama simu iliparekodi. Hakuna haja ya kila mgeni wa tovuti kujua nyumba yako ilipo. Wengi hufundisha `-strip`, ambayo ni fupi zaidi, ila inaondoa na wasifu wa rangi. Picha za simu zenye wigo mpana wa rangi zinaweza kupauka, nawe ukabaki kujiuliza umekosea wapi.

`-quality 80` si asilimia ya chochote, ni kipimo tu. Mimi hucheza kati ya 75 na 85. Fungua `jaribio.jpg` kwa ukubwa wake kamili, uangalie palipo na ncha kali, kwa mfano nywele mbele ya ukuta mweupe. Pakiwa na vumbivumbi, panda kidogo.

Hatua ya 4: skripti, yaani faili la amri zinazoendeshwa kwa mpigo. Hifadhi hii kwa jina `punguza.sh` ndani ya ile folda ya nakala:

```
#!/bin/bash
shopt -s nullglob nocaseglob
mkdir -p tayari
for picha in *.jpg *.jpeg; do
  magick "$picha" -auto-orient -resize '1600x1600>' \
    +profile '!icc,*' -quality 80 "tayari/$picha"
done
```

Iendeshe kwa `bash punguza.sh`. `nocaseglob` ipo kwa ajili ya kamera zinazoandika `.JPG` kwa herufi kubwa, na nukuu za `"$picha"` ni kwa majina yenye nafasi ndani yake.

Picha za skrini zenye maandishi usizigeuze kuwa JPEG, herufi zitazungukwa na uchafu. Ziache PNG, uzipitishe kwenye `pngquant`, programu nyingine ya kusakinisha, inayopunguza rangi hadi 256 au chini ya hapo:

```
pngquant --quality=65-85 --ext=-ndogo.png *.png
```

Hatua ya 5: tafuta wakaidi.

```
find tayari -size +300k
```

Zitakazotokea hapo mara nyingi ni picha za majani, changarawe au usiku wenye chengachenga. JPEG hubana vizuri palipotulia kama anga. Penye vitu vidogo vidogo kila mahali haipati pa kubana. Jaribu kwanza kushusha pikseli za picha hizo hadi 1200. Ikiwa tovuti unayopakia imeweka kikomo na faili bado linagoma, iambie ImageMagick itafute ubora yenyewe, ukianza tena na picha asili na si ile iliyokwisha kubanwa:

```
magick picha.jpg -auto-orient -resize '1200x1200>' +profile '!icc,*' -define jpeg:extent=200KB ndogo.jpg
```

Inachukua muda zaidi kidogo, kwa hiyo siiweki kwenye skripti ya folda nzima.