Maji meusi ya kinu cha zeituni: bakteria kwanza, Fenton mwisho

Kinu cha zeituni cha awamu tatu (kinachotenganisha mafuta, maji na makapi) hutoa takriban mita moja ya ujazo ya maji taka kwa kila tani ya zeituni. Ni meusi, yana tindikali (pH karibu 5), na COD yake, yaani oksijeni inayohitajika kuuoksidisha uchafu kwa kemikali, mara nyingi huvuka gramu 40 kwa lita. Maji taka ya majumbani kwa kawaida hayafiki hata gramu 1. Kikwazo kikubwa ni polifenoli, kemikali za asili za zeituni: zinawaua bakteria walewale unaowategemea kuyasafisha.

Hatua ya 1. Chuja makapi, yaache maji yatulie, uengue mafuta yanayoelea.

Hatua ya 2: chokaa. Jaza vyombo kadhaa vya lita moja, kila kimoja kipimo chake cha chokaa, mpaka pH ifike 11 au 12. Koroga, acha yatuame. Chagua kipimo kidogo kabisa kinachokupa maji maangavu juu, lakini pima na kina cha tope: wengi hufurahia maji na kusahau kwamba tope nalo lina gharama ya kulitoa.

Hatua ya 3: bakteria wasiohitaji hewa. Hapa ndipo kazi kubwa inapofanyika. Shusha pH hadi karibu 7, dumisha nyuzi 35 hadi 37 za Selsiasi, na kwa kuwa maji haya yana nitrojeni haba, ongeza urea au samadi. Anzishia tope kutoka mtambo wa biogesi unaofanya kazi. Lisha kidogo kidogo, gramu 1 ya COD kwa lita ya tangi kwa siku, ndipo upandishe. Usisubiri pH ianguke. Fuatilia tindikali tete (zinazotengenezwa na bakteria) na alkalini (uwezo wa maji kuzuia pH isianguke), maana pH ikishaanguka umechelewa. Kila kilo ya COD inayoondolewa huweza kutoa hadi mita 0.35 za ujazo za methani. Msimu wa kukamua ni miezi michache tu, hivyo jenga bwawa la kuhifadhi, bakteria wasikae na njaa.

Hatua ya 4: Fenton, yaani kuoksidisha uchafu kwa hidrojeni peroksaidi ikisaidiwa na chuma. Gramu 1 ya COD hudai, kinadharia, gramu 2.1 za hidrojeni peroksaidi. Kwa maji mabichi ya gramu 100 kwa lita, hiyo ni zaidi ya gramu 200 kwa kila lita! Ndiyo maana naiweka mwisho, kuondoa rangi na mabaki sugu. Shusha pH hadi 3, weka salfeti ya feri (chuma II), kisha mimina peroksaidi polepole. Hutoa joto na povu, kwa hiyo vaa miwani na glavu. Mwisho pandisha pH hadi 8, chuma kitatuama.

Usipime COD kabla peroksaidi haijaisha, kwani itaongeza namba. Ukikusudia kumwagilia, otesha kwanza mbegu chache kwa maji hayo na nyingine kwa maji safi, ulinganishe. Pima na chumvi pia, kwa sababu hakuna hatua hapa inayoiondoa.