Unataka kwenda kuona "nyumba zenye mizimu" Tabora na Ujiji? Soma hii kwanza

Kila Desemba ikikaribia napata meseji zile zile, "nasikia huko kwenu kuna nyumba ya mzungu ina mizimu, tunaenda lini usiku?" Sasa leo naandika mara moja ili nikiulizwa tena nitume hii tu basi. Mi nimekulia Tabora, kwa mama ni Ujiji, kwa hiyo hizi sehemu nimezizunguka tangu mdogo, na usiku pia nilishaenda, nikaishia kukalishwa chini kwenye vumbi namulikwa tochi usoni, nitafika huko.

Kitu cha kwanza usianze na jengo, anza na mtu. Watu wanakosea hapa, wanashuka kwenye treni wanapanda boda moja kwa moja mpaka mlangoni, wanapiga selfi kumi, wanaondoka wanasema hakuna kitu. Ni kweli hakuna, ukuta wa udongo hauongei. Hadithi wanazo wazee wanaokaa jirani, na mzee hakupi hadithi kwa sababu umemuuliza, anakupa kwa sababu umekaa. Nenda mchana, piga hodi, toa shikamoo yako vizuri, ukiwa Unyamwezini asubuhi jaribu na "mwangaluka" hata kama utaitamka vibaya, watacheka na hapo umeshapata kiti. Beba sukari kilo moja na majani ya chai, usitangulize hela, hela ukiitoa mwanzoni unauziwa hadithi ya watalii.

Na angalia maneno yako. Tabora ukisema "mzimu" mzee anaelewa babu zake waliotangulia, wale wanaoombwa mvua na wanaotajwa mtoto akiumwa, sio kitu cheupe kinachoelea kwenye muvi. Kwa hiyo ukimuuliza "eti huyu mzimu anatisha?" ni kama umemuuliza babu yake anang'ata. Mi niliuliza hivyo nikiwa kidato cha pili, mzee akaninyamazia mpaka chai ikapoa. Uliza "hapa mnapaheshimu kwa sababu gani?" utaona anavyofunguka. Ujiji ni mji wa Kiislamu wa zamani, huko utasikia zaidi majini, na kuna watu hawapendi kuyataja jua likishazama, ukiona mtu anabadilisha mada usimng'ang'anie, rudi kesho asubuhi.

Haya, sehemu yenyewe ambayo kila mtu anaitaka ni tembe la Livingstone, yaani nyumba ya udongo ya kizamani aliyokaa yule mmisionari mpelelezi, pale Kwihara, kilomita chache nje ya mji wa Tabora. Livingstone alifika hapo na Stanley, mwandishi wa habari aliyetumwa kumtafuta, Februari 1872, Stanley akaondoka Machi, mzee wa watu akabaki peke yake anasubiri wapagazi miezi mitano hivi, mpaka tarehe 25 Agosti ndio akaondoka na hakurudi tena akiwa hai. Kabla ya hapo mtu wa msafara wa Stanley, jamaa anaitwa Shaw, alishafia hapo hapo kwa maradhi. Halafu Oktoba 1873 wakaingia Kwihara kina Susi na Chuma, watumishi wake, wamebeba maiti ya Livingstone mwenyewe, imekaushwa kwa chumvi na jua, imezungushiwa gome la mti, wametoka nayo kule kwa Chitambo, Zambia ya leo, na safari ya kwenda pwani bado ndefu. Kwa hiyo watu wakikwambia pale pana uzito, hata bila mzimu una cha kufikiria.

Ingia mchana saa nane hivi jua likiwa kali, utaona tofauti. Kuta ni nene, ukivuka kizingiti jasho linakatika, macho yanachukua muda kuzoea giza, unaanza kunusa udongo mkavu na kinyesi cha popo. Kaa chini. Zima simu. Baada ya dakika kumi utasikia juu kama mtu anakwaruza na kucha, kwaru, kwaru, ananyamaza, halafu anaanza tena sehemu nyingine. Mara ya kwanza kuisikia nilisimama wima. Jamaa aliyekuwa ananizungusha hata hakugeuka, alisema "popo hao wanagombea nafasi". Jioni inakuja nyingine, udongo uliochemka kutwa ukianza kupoa unatoa mlio wa kupasuka, ta! kama kijiti kimevunjwa nyuma yako, na hapo hata mimi ninayejua sababu huwa nageuka.

Sasa stori ya usiku. Tulikuwa wanne, likizo, mwezi hakuna, tukasema tunaenda kukesha karibu na tembe tujionee, hatukumwambia mtu, hatukuomba ruhusa, tuna tochi za simu na karanga za kukaanga mfukoni. Kabla hata hatujafika, kwenye miti pembeni ya njia mtoto mchanga akaanza kulia. Sio mlio unaofanana fanana na mtoto, ni mtoto kabisa, anavuta pumzi anaanza tena. Mwenzetu mmoja akatoka mbio, ndala moja ikabaki, akawa anapiga kelele, mbwa wote wa kijiji wakaamka, na nyuma ya mbwa wakaja sungusungu na virungu. Tulikaa chini mpaka alfajiri, balozi alipokuja akanitambua kwa sura ya mama ndio tukaachiwa, na mimi siwalaumu, vijana wanne gizani na tochi karibu na mazizi ya watu ungedhani wamefuata nini? Yule mtoto alikuwa komba, kale kanyama kadogo ka usiku kenye macho makubwa. Kama hujawahi kumsikia komba kwenye mapori ya miombo usiku, muulize mtu wa huko kabla hujakwenda, atakuigizia, nusu ya "vichanga vinavyolia" vya Tabora ni yeye. Na ukitaka kweli kwenda usiku, pita kwa mwenyekiti wa kijiji mchana, mweleze, akupe mtu wa kwenda naye. Ndio utaratibu, hauna njia ya mkato.

Ukiwa Tabora usiishie kwa mzungu, maana kiukweli hadithi nzito zaidi ni ya Mtemi Isike wa Unyanyembe, yaani nchi hii hii ya Tabora na Kwihara. Huyu alipigana na Wajerumani, walimshambulia mara kadhaa, na Januari 1893 walipoivunja ngome yake akaingia kwenye ghala la baruti akalilipua akiwa ndani kuliko kukamatwa. Wengine wanasimulia kwamba walimtoa bado anapumua na wakamnyonga hivyo hivyo. Hii usiiulize kwa kuchekacheka, ukoo wake upo, watu wanaongea habari za ndugu yao. Na kama wenyeji wakikuonyesha sehemu ya matambiko, yaani kibanda kidogo cha nyasi, chungu kimewekwa chini ya mti, shanga, usiguse, usipige picha mpaka uambiwe, na usiokote kitu hata jiwe. Boma la Mjerumani pale mjini liangalie kwa mbali tu, ni eneo la jeshi, simu ibaki mfukoni, ukikamatwa hapo usinitafute.

Kutoka Tabora panda treni mpaka Kigoma, mwisho wa reli, zaidi ya kilomita 400, beba maji na shuka. Reli hii Wajerumani waliifikisha Tabora 1912 na Kigoma 1914, na kwa sehemu kubwa inafuata upande ule ule walikopita watumwa na pembe za ndovu kuelekea Bagamoyo. Ukiona miembe mikubwa imejipanga porini ambako hakuna nyumba, wazee wanasema ni kokwa zilizotupwa na misafara. Mimi hiyo ndio huwa inanikamata kuliko popo wote wa Kwihara, kwamba mtu alipewa embe akiwa amefungwa shingoni, akala, akatupa kokwa, hajulikani jina, mti bado unazaa.

Ujiji, daladala kutoka Kigoma mjini zipo muda wote. Pale kwenye kumbukumbu ya Livingstone na Stanley, walipokutana Novemba 1871 kwa tarehe ya Stanley, kuna makumbusho na sanamu zao mbili wanasalimiana, watoto wa shule huwa wanaziogopa kuliko kitu chochote. Ule mwembe wenyewe waliokutania chini yake ulishakufa, iliyopo ni miembe iliyotokana nao. Lipa kiingilio, dai risiti, msikilize muongozaji mpaka mwisho, halafu toka uende ukae na watu wa mtaani maana huko ndio kuna utamu. Msimu wa maembe, Novemba mpaka Januari hivi, lala nyumba yenye mwembe juu ya bati. Saa nane usiku kimya kabisa, mara pu! juu ya kichwa chako, halafu kitu kinabingirika taratibu kwenye mteremko wa bati, kinasita ukingoni, kinaanguka. Shangazi yangu alizaliwa hapo na anajua fika ni embe, na bado kila likianguka anasoma kitu kimoyomoyo.

Usiondoke Kigoma bila kushuka mwaloni Kibirizi uwaulize wavuvi na wenye maboti kuhusu Kabogo. Stanley mwenyewe alipokuwa anakaribia ziwa 1871 alisikia ngurumo kwa mbali, wenyeji wakamwambia ni mlima Kabogo ng'ambo ya ziwa, una mashimo makubwa maji yanaingia yanaunguruma, mitumbwi mingi imepotelea hapo, na watu wakipita wanatupa nguo na shanga nyeupe ziwani kumtuliza mungu wa ziwa. Maelezo na heshima kwa pamoja, unaona, walijua ni mawimbi kwenye mapango na shanga walitupa. Nenda asubuhi boti zikirudi, usiende wakiwa wanajiandaa kutoka, mvuvi anayeingia majini hataki kuulizwa habari za waliozama. MV Liemba, ile meli ya zamani ya Ziwa Tanganyika, watu wananiuliza sana kwa sababu Wajerumani waliizamisha wenyewe Julai 1916 ikaibuliwa 1924 ikarudi kazini 1927. Historia nzuri sana, ila ya mzimu ndani ya hiyo meli sijawahi kusikia hata moja iliyosimama, ukiuziwa moja gesti ujue imetungwa jana.

Mwisho, hili wengi hawafanyi, ukimaliza mzunguko rudi kwa yule mzee wa kwanza umwambie uliyoyaona. Wa kwangu wa Kwihara siku ya kwanza alinipa nusu tu. Niliporudi na sukari yangu ndio akaniambia iliyobaki, kwamba kina Susi walipotoka Kwihara na maiti, mbele huko Kasekera wakasikia wanakijiji hawataki maiti ipite kwao. Basi wakatangaza wameghairi, wanairudisha Unyanyembe ikazikwe. Wakaitoa kwenye gome, wakaifunga upya kama mzigo wa nguo, ikaendelea na safari kimya kimya, halafu wakachukua mabua ya mtama wakayaviringisha kwenye shuka mpaka yakawa na umbo la mtu, watu sita wakayabeba kurudi huku wamenuna kama wafiwa. Walipofika mbali, usiku, wakayatupa bua moja moja porini ili asije mtu akaona. Hiyo iliandikwa pia, sio ya kwake. Nikamuuliza sasa mzee, kama maiti yenyewe ilikuwa mabua, huyu mzungu anayeonekana njiani usiku ni nani? Alicheka mpaka kofia ikadondoka, akaiokota akaifuta vumbi, akamwita mjukuu aongeze maji ya chai.