Kufuga konokono wa kichocho maabara: anza na maji

Makoloni ya Bulinus, konokono wa majini anayebeba vimelea vya kichocho, mara nyingi hufa kwa sababu ya maji, si chakula. Visima vingi vya kisiwani Mombasa vina chumvi, achana navyo. Maji ya mfereji yana klorini: yaweke kwenye ndoo ya plastiki iliyo wazi kwa saa 48, pampu ndogo ya hewa ikiyapuliza. Koki na vyombo vyenye shaba usitumie kabisa, kwani chembe chache tu za shaba huua koloni zima.

Beseni la lita 5 litie maji lita 3 na konokono wasiozidi 15. Wakisongamana hudumaa na mayai hupungua. Ongeza nusu kijiko cha maganda ya mayai yaliyochemshwa na kusagwa; ganda la konokono likilika nchani na kuwa jeupe, amekosa kalsiamu. Chaki ya shule hatuipendekezi, nyingi ni jasi. Joto liwe nyuzi 25 hadi 27. Wakati wa kaskazi shusha beseni sakafuni, mbali na dirisha.

Chakula ni saladi iliyooshwa sana, kwani ya sokoni huenda imepuliziwa dawa. Ichovye kwenye maji moto hadi ilegee. Mabaki yatoe kesho yake, la sivyo maji yatanuka.

Weka vipande vya nailoni vielee juu ya maji. Mayai hutagwa hapo katika ute angavu, na unaweza kuhamisha kipande kizima bila kuyagusa. Baada ya siku saba hadi kumi hivi, vitoto huanza kutambaa.

Konokono wa bwawani, tuseme wa Kwale, mhesabu ana vimelea hadi ithibitike vinginevyo. Vaa glavu. Mweke kila mmoja kwenye kichupa chake chenye mililita 10 za maji, chini ya taa, saa nne asubuhi hadi saa nane mchana. Tazama kwa hadubini: vibuu vya kichocho, yaani minyoo michanga inayotoka kwa konokono, vina mkia uliopasuka nchani, japo vya minyoo mingine pia huwa hivyo. Konokono asipotoa vibuu leo usimwamini. Rudia kila wiki kwa wiki tano, kwani vimelea huchukua mwezi au zaidi kukomaa ndani yake. Vimelea havipiti kwenye mayai, kwa hiyo koloni la utafiti lijengwe na kizazi kilichoanguliwa maabara.

Maji ya vichupa yachemshe kabla ya kumwaga. Yakikugusa ngozi, yafute papo hapo kisha pangusa kwa spiriti ya asilimia 70. Kibuu huhitaji dakika chache tu kupenya.