Somo: Kuisikiliza Lubumbashi, kuanzia gita la Mwenda hadi karindula ya mtaani

Ndugu zangu, kila mwaka napata ujumbe kutoka Kigoma, Mombasa au Bujumbura: "Nakuja Lubumbashi siku nne kwa kazi, niende wapi nisikie muziki?" Nimezaliwa Kamalondo, mtaa wa Lubumbashi hapa Kongo, na swali hili halijawahi kunichosha. Ila jina la nganda moja, yaani baa, halitakufaa, maana nganda hufunguliwa na kufungwa, bendi huhama, na palipochezwa rumba mwaka jana leo panauzwa simenti. Ndiyo maana nimeandika somo. Lifuate kwa mpangilio huu.

Hatua ya 1: Sikiliza kabla hujafunga mzigo

Mwaka 1952 mtafiti Hugh Tracey alifika Jadotville, mji tunaouita leo Likasi, akamrekodi kijana wa miaka ishirini na kitu mwenye gita. Kijana huyo alikuwa Mwenda wa Bayeke, ambaye wengi wanamjua kwa jina la Jean-Bosco Mwenda, na wimbo wake "Masanga" ulitoka Katanga, eneo letu hili la migodi, ukazunguka dunia. Mwaka 1969 alipiga kwenye tamasha la Newport, Marekani. Alifariki mwaka 1990 katika ajali ya gari nchini Zambia.

Tafuta rekodi zake mtandaoni uzisikilize mara tatu. Mara ya kwanza fuata gumba peke yake, linalotembea kwenye nyuzi nene bila kupumzika. Mara ya pili fuata kidole cha shahada, kinachojibu juu. Ni vidole viwili tu, lakini utaapa kuna watu wawili chumbani. Mara ya tatu acha gita, shika maneno. Hapa ndipo msomaji wa Kiswahili anapomzidi yeyote. Wapiga gita wa Ulaya na Marekani wametumia miaka kujifunza vidole vya Mwenda, lakini maneno yake mengi wanayasoma kwa tafsiri. Wewe unayasikia.

Baada yake msikilize Edouard Masengo, kisha Losta Abelo, nao wapiga gita wa Katanga. Mwenda na Masengo walifika mpaka Nairobi mwishoni mwa miaka ya 1950, kwa hiyo Mkenya akisikia gita la Katanga na kuhisi kama analijua, hakosei.

Hatua ya 2: Uone mgodi kwanza

Mji ulianzishwa mwaka 1910 kwa jina la Élisabethville, na reli kutoka kusini ilifika mwaka huohuo. Shaba ilileta watu kutoka Kasai, kutoka Zambia na Malawi za leo, kutoka kila upande, na kila mmoja na lugha yake. Ndani ya kambi za Union Minière, kampuni ya Wabelgiji iliyochimba shaba, waliunganishwa na Kiswahili. Mshahara ukanunua gita na sahani za santuri, jioni ikawa ya muziki. Ukisimama mjini utaona bomba refu la Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, na kilima cheusi cha taka za shaba, tunachokiita terili. Tazama, usipige picha karibu na ofisi za serikali wala askari.

Hatua ya 3: Makumbusho, kisha Jumapili asubuhi

Makumbusho ya Taifa ya Lubumbashi yako karibu na jengo lililokuwa ukumbi wa maonyesho wa mji, ambalo sasa ni bunge la mkoa. Omba mwongozo akueleze vitu vya ngoma na ibada. Usipite peke yako kimyakimya.

Jumapili nenda katedrali ya Watakatifu Petro na Paulo. Hata kama si Mkatoliki, nenda. Mji huu ulikuwa na kwaya ya wavulana iliyoitwa Waimbaji Wadogo wa Msalaba wa Shaba, kutokana na misalaba ya shaba ambayo zamani ilikuwa fedha ya huku. Joseph Kiwele alitunga misa kwa sauti na midundo ya kwetu, na mwaka 1960 Katanga ilipojitenga na Kongo, wimbo wake wa taifa ulikuwa kazi yake. Alifariki mwaka 1961. Mimi naamini huwezi kuelewa sauti za pamoja za bendi zetu kama hujawahi kusikia misa ya hapa ikiimbwa.

Hatua ya 4: Kamalondo, Kenya, Katuba

Hapa ndipo tenga siku nzima. Komini yetu moja inaitwa Kenya, ndugu wa Nairobi wasishtuke. Humo ndimo lilimotoka kundi la JECOKE, yaani vijana wachekeshaji wa Kenya: walivaa suti na kofia, wakaimba kwa sauti nyingi, wakacheza kwa hatua zilizopimwa. Ukikutana na mzee wa mtaa huo, mtaje JECOKE kisha unyamaze. Ataanza mwenyewe.

Na sasa karindula. Ni gita kubwa kama pipa, kwa sababu limetengenezwa kwa pipa: mdomo wa pipa la mafuta umewambwa ngozi ya mbuzi, ukachomekwa mti mrefu wenye nyuzi nne. Mpigaji analishinda kwa mwili wote. Pembeni kuna banjo ndogo na ngoma, mbele kuna wachezaji, na wimbo mmoja unaweza kwenda nusu saa watu wakitaniana, wakiulizana habari za maisha, wakiwasema walio na pesa. Baadhi ya watu wa mjini waliudharau muziki huu wakauita wa wahuni. Mimi niliukataa nikiwa kijana kwa sababu hiyohiyo, na najutia miaka ile.

Karindula haina ukumbi wala tiketi. Inapigwa uwanjani, vumbini, chini ya mwembe. Muulize mwenyeji wako mapema, uende naye, ukae pembeni kwanza. Ukifurahi, mbandike mpigaji noti ya franka kwenye paji la uso kama wanavyofanya wengine. Kurekodi video, omba kwanza. Niliwahi kumpeleka mgeni aliyetoa simu bila salamu, muziki ukakatika, na walikuwa na haki.

Hatua ya 5: Usiku

Mchana pitia Halle de l'Étoile, kituo cha utamaduni cha Kifaransa, usome ratiba ya maonyesho. Jioni tafuta nganda yenye bendi. Ijumaa na Jumamosi ndizo siku zenyewe. Agiza michopo, nyama ya mbuzi ya kuchoma, na bukari, yaani ugali. Anayekunywa atapewa bia ya Simba au Tembo. Bendi huchelewa, usifike na njaa ya muziki saa moja. Kurudi, panda taksi ambayo mwenyeji anaijua.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama wa Mbeya: Shikamoo mwalimu. Nikipita Tunduma kwa basi nitafikaje, na nije mwezi gani?

*Jibu:* Marahaba. Vuka Zambia mpaka Kasumbalesa. Kutoka mpakani hadi Lubumbashi ni kama kilometa 90. Njoo na kadi ya homa ya manjano. Ili dola zikubaliwe, zisiwe na mchaniko hata mdogo. Miezi mizuri ni Mei hadi Septemba, hakuna mvua, lakini Juni na Julai usiku ni baridi, lete sweta.

Mwanachama wa Kisumu: Kaka, huku kwetu Desemba haiishi bila nyimbo za Baba Gaston. Je, ni wenu?

*Jibu:* Ni wetu sote sasa. Aliitwa Ilunga wa Ilunga, alitoka Lubumbashi na bendi yake akakaa Dar es Salaam, kisha Nairobi. Na mwimbaji Tshala Muana, malkia wa ngoma ya mutuashi aliyefariki mwaka 2022, alizaliwa mji huu mwaka 1958.

Mwanachama wa Tanga: Nitaelewa Kiswahili chenu kwenye nyimbo?

*Jibu:* Siku ya kwanza nusu, siku ya tatu karibu chote. Ukisikia "bantu" ni watu, "kuya" ni njoo, "njo" ni ndiyo au ndicho, na kitenzi chenye "-ka" mwishoni, kama "tunaimbaka", ni jambo la kila siku. Tafadhali usitusahihishe. Nyimbo hizo zilitungwa kwa lugha hiyo.

Mwanachama wa Katuba: Yaya, aksanti sana. Lakini umesahabu matanga. Kwetu karindula inapigwaka ku matanga, bantu banacheza mpaka asubui.

*Jibu:* Kweli kabisa, mdogo wangu. Mgeni akialikwa msibani asikatae. Atoe rambirambi kwanza, muziki baadaye.

Mwanachama wa Bujumbura: Mimi napiga gita. Naweza kujifunza mtindo wa Mwenda kwa mtu wa huko?

*Jibu:* Wapo wazee wanaoupiga bado, nyumbani kwao, na wengi wanapokea wageni wakiletwa na mtu wanayemfahamu. Usiende na pesa mkononi kama unanunua sokoni. Nenda na seti mbili za nyuzi mpya. Gita la mzee niliyejifunza kwake lilikaa miezi bila uzi wa kwanza.